Chapa za mashujaa wa Kuniyoshi: ipi inafaa ukuta wa Lubumbashi?

Mwanamume aliyetapakaa tatuu mwilini ameubana upanga kwa meno na anapasua lango la maji kwa nguvu za mikono. Huyo ni Chojun, mmoja wa mashujaa 108 wa hadithi ya Suikoden, kama alivyochorwa kwa ajili ya chapa ya ubao na Utagawa Kuniyoshi wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Picha hiyo ndiyo mizani yetu hapa, kwa sababu haimsitiri mchapaji: nywele zina mistari myembamba mno, tatuu zimebanana, na katikati ya hayo yote kuna ngozi tupu ambayo doa dogo tu linaonekana kutoka mlangoni.

Anayemtaka Chojun ukutani kwake Lubumbashi ana njia tatu. Anaweza kupakua faili la makumbusho na kulipeleka emprimeri ya mjini. Anaweza kuagiza chapa iliyochongwa upya na mafundi wa Japani na kupigwa kwa mkono. Au anunue karatasi ya kale yenyewe, ya karne ya 19. Tuseme mapema: ya kwanza ni nzuri kuliko inavyosemwa, mradi uisimamie kazi mwenyewe, ya pili ndiyo tunayoipendekeza, ya tatu haifai kutundikwa mwaka mzima katika mji huu, hata kama pesa ipo.

Kuniyoshi (1798–1861) alizaliwa na mpaka rangi wa hariri, na urithi huo uko kwenye kila vazi alilochora: nguo za mashujaa wake zina maua, mawimbi na miraba ambayo haijirudii kutoka karatasi moja hadi nyingine. Mwaka 1827 mchapishaji Kagaya Kichiemon alianza kuutoa mfululizo wa Suikoden, karibu kila karatasi na shujaa wake. Hadithi yenyewe ni ya Kichina, ya waasi waliojificha kwenye kinamasi cha Liangshan, lakini watu wa Edo waliipokea kama yao. Karatasi zinazojulikana ni kama 74, kwa hiyo anayekuuzia “seti kamili ya 108” anakuuzia hewa. Tatuu za kwenye picha hizo zilihamia kwenye ngozi za watu halisi, wazima moto na vibarua wa Edo, na mpaka leo wachora tatuu huzifungua kama kamusi. Aliyekua akisikia habari za Nkongolo Mwamba na Kalala Ilunga, shimo la mikuki lililofichwa chini ya uwanja wa ngoma na shujaa anayelikwepa, hatapotea humo.

Kutoka emprimeri

Kuniyoshi amefariki zaidi ya miaka 160 iliyopita, hivyo hakuna haki ya mtunzi ya kulipia. The Metropolitan Museum of Art ya New York iliachia huru picha za kazi zake za zamani mwaka 2017, na Library of Congress ya Washington nayo ina chapa nyingi za kupakua bure. Usichukue picha kwenye kurasa za kubandikiana. Nyingi zimekatwa kingo, na muhuri uliokuwa pembeni umekwenda na mkasi.

Karatasi ya kawaida ya chapa hizi huitwa obani, takriban sentimita 38 kwa 26. A3 ni 42 kwa 29.7. Maana yake Chojun anaingia kwenye A3 kwa ukubwa wake halisi na kubakiza pambizo ya karibu sentimita 2 kila upande. Kwa nukta 300 katika kila inchi, faili liwe na pikseli 4,500 kwa 3,100 hivi. Likiwa pungufu kidogo hakuna hasara kubwa. Likiwa na pikseli 1,500 tu, nywele zitakuwa uji. Na faili likitumwa kwa WhatsApp kama picha hubanwa na kupoteza ukubwa wake, kwa hiyo litume kama hati au lipeleke kwa flashi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla mashine haijawashwa.

Mbele ya mashine, sema mambo manne. Kwanza, ichapwe kwa ukubwa wa asilimia 100, isinyoshwe ijaze karatasi, maana Chojun hunenepa. Pili, mashine isiruhusiwe kurekebisha mwanga na rangi yenyewe. Ikiona karatasi ya kale ya rangi ya chai hudhani ni kosa, ikaisukuma iwe nyeupe, na ngozi ya shujaa ikageuka waridi. Tatu, karatasi iwe isiyong'aa, ya gramu 160 hadi 200. Papye foto haina kazi hapa: chapa za ubao zina weusi mkavu kama masizi, na mng'ao unaua weusi huo papo hapo. Nne, ikiwa faili lina rangi ya karatasi ya kale, chapa juu ya karatasi nyeupe. Wapo wanaochagua karatasi ya rangi ya maziwa ili ionekane ya kikale, wakasahau kwamba ukale umeshachapwa ndani ya faili. Umanjano unakuwa mara mbili na picha inafanana na kitu kilichopikwa kwa mafuta ya mawese.

Ukiulizwa kama unataka plastifie, jibu ni hapana. Mjini kila kitu hupita plastifie, cheti cha ubatizo na kadi ya uchaguzi vikiwemo, na mfanyakazi atadhani anakuheshimu. Plastiki ikishayeyushwa juu ya karatasi haitoki tena. Kingo zikifunguka kidogo unyevu wa Januari huingia na kukosa pa kutokea, na taa ya sebuleni hujitazama katikati ya tumbo la Chojun.

Mashine ya leza inadumu kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa rangi yake ni unga uliyeyushwa juu ya karatasi. Kasoro yake ni mng'ao hafifu kwenye weusi mpana, na hupasuka karatasi ikikunjwa. Mashine ya kunyunyiza wino ina rangi laini zaidi, lakini uliza aina ya wino. Wino wa rangi iliyoyeyuka majini hufifia upesi juani na tone moja la maji huutiririsha. Wino wa chembechembe, ule ambao mafundi huuita pigima, ndio wa kutafuta.

Kwa fedha kidogo namna hii, matokeo ni ya heshima. Ukiwa umbali wa mita moja huoni tofauti. Ukisogea karibu ndipo unagundua kwamba hakuna kitu kwenye karatasi: mstari hauna kina, rangi haikuzama, iko juu tu kama tangazo la bia.

Iliyochongwa upya na kupigwa kwa mkono

Kuelewa kwa nini hii inagharimu mara nyingi zaidi, fuata mikono inayoipitia. Zamani walikuwa wanne: mchoraji, mchongaji, mchapaji, na mchapishaji aliyelipa wote na kubeba hasara. Kuniyoshi hakuchonga ubao. Mchoro wake kwenye karatasi nyepesi ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mlimani, mti wenye nyuzi zilizoshikana unaovumilia mstari mwembamba bila kukatika, kisha mchongaji akakata kupitia karatasi hiyo hiyo. Mchoro wa asili uliteketea kwenye kazi. Nywele na uso waliachiwa fundi mkuu. Wanafunzi walichonga nguo na mandhari. Karakana za leo huanza na nakala ya chapa nzuri ya kale badala ya mchoro, lakini ubao, visu na mpangilio ni vile vile.

Ubao wa mistari ukikamilika, zinachapwa nakala za nyeusi tupu, na kila nakala inawekwa alama ya rangi moja. Kila rangi inapata uso wake wa ubao, na mbao huchongwa pande zote mbili ili kubana gharama. Kwa shujaa aliyevaa nguo za mapambo, karatasi moja inaweza kulazwa juu ya ubao mara 10 hadi 20.

Kinachozifanya safari zote hizo zikutane mahali pamoja ni kento, alama mbili zilizochongwa kwenye kila ubao: moja ya pembe, nyingine ya mstari mfupi ulionyooka. Mchapaji anaingiza kona ya karatasi kwenye pembe, ukingo kwenye mstari, kisha anaachia. Ni kitu rahisi sana, na ndicho kinachoshindwa mara nyingi, kwa sababu ya karatasi yenyewe. Karatasi ya hosho, inayotengenezwa kwa nyuzi za kozo, mti wa ukoo wa mforosadi, hupakwa kwanza maji ya shabu na gundi ya ngozi ili rangi isisambae, halafu hulowanishwa kabla ya kuchapa. Ikiwa mbichi imetanuka. Ikikauka katikati ya kazi inasinyaa, na rangi ya tisa haikai tena pale ilipokaa ya kwanza, hata kento iwe sahihi namna gani.

Kwa hiyo chapa ikifika, anza kukagua midomo na kingo za macho. Wekundu ukitoka nje ya mstari kwa nusu milimita, hiyo ni kazi ya mkono, iache. Ukitoka kwa milimita moja na upande wa pili kumebaki ufa mweupe, irudishe.

Kisha angalia rangi pana. Mchapaji hupaka rangi ya unga iliyochanganywa na maji na gundi kidogo ya wanga wa mchele, akaisambaza kwa burashi ya nywele za farasi iliyolainishwa kwa ngozi ya papa, akalaza karatasi na kuisugua mgongoni kwa bareni: kisahani kama kiganja kilicho wazi, ndani kina kamba ya maganda ya mwanzi iliyozungushwa kama konokono, nje kimefunikwa ganda zima la mwanzi. Gundi ikipungua au mkono ukiwa mwepesi, rangi hutoka na vitone vyeupe. Wajapani huita hali hiyo gomazuri, chapa ya ufuta. Goma kwao ni ufuta, na ndugu zetu wa Kivu watajua wenyewe la kufanya na habari hiyo. Vitone vikiwa vimeenea sawasawa kwenye ardhi au mwamba, huenda mchapaji alivitaka. Vikiwa kwenye ngozi ya Chojun, ni uvivu.

Kipimo cha tatu ni bokashi, yaani rangi inayokolea upande mmoja na kufifia hadi kutoweka. Haichongwi. Mchapaji analowesha sehemu ya ubao kwa kitambaa, anatia rangi upande mmoja wa burashi, na kuivuta. Kila nakala inafanywa upya kwa jicho, ndiyo maana nakala mbili hazilingani kabisa. Bokashi nzuri huwezi kuonyesha kwa kidole inapoishia. Bokashi mbaya ina ukingo, kama alama ya maji kwenye ukuta uliovuja.

Sasa igeuze. Mgongo wa chapa ya mkono unasema ukweli kuliko uso: rangi imepenya, misuguano ya mviringo ya bareni inaonekana, na mistari iliyobonyezwa unaihisi kwa ncha ya kidole. Kama una lupu ya mara 10, ile ya wanunuzi wa madini, tazama mstari mweusi. Wa ubao ni mweusi mzima, na kingo zake zimevimba kidogo pale rangi ilipokamuliwa pembeni. Wa mashine ya ofseti umejengwa kwa nukta zilizojipanga kama maua. Wa kunyunyiza ni vumbi la vitone visivyo na mpangilio. Lupu ikikuonyesha nukta, mazungumzo ya bei yamekwisha.

Lawama moja ambayo chapa hizi hupata bila haki ni kwamba rangi zake ni kali mno. Anayelalamika amezoea picha za vitabuni, ambazo ni za karatasi zilizofifia kwa miaka 150 na zaidi. Wekundu wa maua ya kartamu, zambarau zilizochanganywa kutoka humo na buluu ya maua ya shambani, zote hukimbia mwanga. Nyingi ya zambarau tunazoziona leo ni kahawia. Mnunuzi wa Edo aliona rangi zinazopiga kelele, na karakana inayochapa hivyo inafanya sawa. Lawama ya haki ni nyingine: baadhi ya michongo mipya ina mstari safi mno, wa unene mmoja mwanzo hadi mwisho, kama umechorwa na rula. Mchongo wa kale ulinenepa kwenye kiwiko na kukonda kwenye kidole. Mwenze Kibwanga, mmoja wa wachoraji wa Le Hangar, karakana ya zamani ya uchoraji hapa mjini, aliwajenga wanyama wake kwa mistari mifupi mifupi, na kila mmoja ulikuwa na uzito wake; ukiziangalia kazi zake, jicho linajifunza kutafuta jambo hilo hilo kwa Kuniyoshi.

Kuhusu bei, karakana kama ya Adachi mjini Tokyo bado inafanya kazi hii kwa ukamilifu, na chapa moja ya obani kwa kawaida huzidi dola 100 kabla ya usafiri. Si kila shujaa amechongwa upya. Chojun akikosekana kwenye orodha, usikubali kupewa ya mashine “inayofanana”. Chukua shujaa mwingine aliyepigwa kwa mkono. Muulize muuzaji maswali matatu: vibao vimechongwa kwa mkono? Karatasi ni ya kozo? Nipigie picha ya mgongo? Anayekataa la tatu amejibu yote.

Ije ikiwa bapa katikati ya kartoni mbili ngumu zinazozidi chapa kwa sentimita 5 kila upande, ndani ya mfuko wa plastiki. Bomba ni salama safarini lakini nyuzi hukumbuka mkunjo. Iliyokuja kwenye bomba ilazwe kati ya karatasi safi chini ya vitabu kwa siku 4 au 5. Isipigwe pasi, joto na mvuke hulainisha gundi na kufuta ile mibonyezo uliyoilipia.

Ya kale

Karatasi moja ya Kuniyoshi iliyofifia au kukatwa kingo hupatikana kwenye minada ya nje kwa dola mia kadhaa, na chapa ya mapema ya Suikoden yenye rangi hai hupanda hadi maelfu. Tatizo si bei peke yake. Vibao vilivyopendwa vilichapwa mpaka vikachoka: mistari ya nywele imekatika, bokashi imeachwa, rangi zimepunguzwa. Zote ni “za kweli”, lakini ya mwisho ni kivuli cha ya kwanza.

Mihuri inasaidia kupanga miaka. Kuanzia 1791 hadi 1842 chapa zilizoruhusiwa zilibeba muhuri mdogo wa mviringo wa kiwame, yaani imekaguliwa. Kati ya 1843 na 1847 kuna muhuri wa jina moja la mkaguzi, na kati ya 1847 na 1852 majina mawili kando kando. Karatasi ya Suikoden ya 1827 ikiwa na majina mawili, kuna kitu hakiko sawa. Ukaguzi huo haukuwa mchezo. Tangu 1804 ilikatazwa kuwaonyesha kwa majina yao wapiganaji wa miaka ya karibu na kuanza kwa utawala wa Edo, ndiyo maana jemadari Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa akiitwa Hashiba Hideyoshi, anatokea kwenye chapa kama Mashiba Hisayoshi. Mnunuzi asiyejua hilo hudhani muuzaji amekosea jina.

Kosa la kawaida zaidi kuliko kughushi ni chapa zilizochongwa upya mwanzoni mwa karne ya 20, zilizouzwa kwa uaminifu kama nakala, ambazo leo zimepata umanjano wa kutosha kupewa miaka 80 ya bure. Dalili ni karatasi nene kuliko kawaida, tundu za wadudu zisizokuwepo kabisa, na mstari mzima usio na pengo hata kwenye nywele.

Hata ukiipata safi, makumbusho huzionyesha karatasi hizi kwa mwanga wa luksi 50 na kwa miezi michache tu, kisha huzirudisha gizani. Sebule ya Golf au ya Bel Air mchana wa Agosti ina mwanga mkali kuliko huo mara nyingi. Ya kale ikae kwenye sanduku bapa, itolewe kwa wageni.

Kadre

Hapa ndipo chapa nzuri hufia Lubumbashi, na fundi hana kosa, ameombwa vibaya. Kwa obani moja, paspatu, yaani ukingo wa kartoni unaoizunguka chapa, iwe na upana wa sentimita 6 kila upande: jumla 50 kwa 38. Mzingo ni sentimita 176. Kwa ubao wa fremu wenye upana wa sentimita 3, ongeza 24 za kukatia pembe. Nunua mita 2 na kidogo. Mulombwa unapendeza na hauliwi upesi, mradi umekauka. Mti mbichi uliokatwa pembe wakati wa mvua hufunguka kwenye maungio ifikapo Julai, na kupitia ufa huo huingia vumbi jekundu la kiangazi.

Kartoni ya kijivu ya maboksi isiiguse chapa. Ina asidi, na baada ya miaka michache inachora mstari wa kahawia pale ukingo wa paspatu ulipolala. Kama kartoni isiyo na asidi haipatikani, weka kati yake na chapa karatasi ya kuchorea kwa rangi za maji, ya pamba tupu, gramu 300. Skoti isitumike popote kwenye chapa: gundi yake hupenya, hugeuka manjano na haiondoki. Njia rahisi isiyohitaji gundi ni pembe nne za karatasi, ukanda wa sentimita 2 uliokunjwa pembetatu, zinazobandikwa kwenye kartoni huku kona za chapa zikichomekwa ndani na kuachiwa milimita 1 ya kupumulia. Anayetaka kuning'iniza chapa atumie vijikaratasi viwili vya kozo upande wa juu tu, kwa uji wa wanga wa ngano: kipimo 1 cha wanga kwa 5 vya maji, upikwe ukikorogwa dakika 20 hadi 30 mpaka ung'ae, upoe, uchujwe. Unga wa ngano wenyewe usitumike, unaita wadudu. Gundi ikizungushwa pande zote nne, karatasi haina pa kutanukia na itajikunja mawimbi mvua ya kwanza ya Novemba.

Kioo kisilale juu ya chapa. Unene wa paspatu, milimita 2, unatosha kuwatenganisha. Kitako cha fremu kiwe na kina cha sentimita 1.5 ili kioo, paspatu, chapa, karatasi ya pamba na ubao wa mgongo viingie bila kusukumana. Mgongo uzibwe kwa karatasi ya kaki, na chini kwenye kona mbili ubandike vipande vya kizibo vya sentimita 1, hewa ipite na mchwa wasiwe na daraja la gizani.

Ukuta wa ndani, usiopigwa mvua kwa nje. Kuhusu jua, watu hukumbuka asubuhi na jioni wakasahau misimu: sisi tuko kusini mwa ikweta, kwenye digrii kama 11 na nusu, hivyo mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini na huingia kwa madirisha ya kaskazini, na Desemba hupita upande wa kusini wa kichwa. Mahali palipokuwa na kivuli siku ya kutundika huenda pasiwe nacho miezi sita baadaye.

Shujaa gani, basi

Rochishin, mtawa anayevunja mti wa msonobari kwa fimbo, anavumilia hata chapa ya emprimeri kwa sababu nguvu yake iko kwenye umbo. Shishin na mazimwi yake tisa ya tatuu hafai kwa mashine. Mistari imebanana na toner, ule unga wa leza, huijaza. Anayependa wanawake wa vita atafute Tomoe Gozen, aliyepigana vita vya Minamoto karne ya 12, lakini achague karatasi ambayo farasi hajakatwa mguu.

Za karatasi tatu ni habari nyingine. Takiyasha, binti wa mwasi Taira no Masakado, akiita kiunzi kikubwa cha mifupa kinachopasua pazia la jumba bovu, takriban 1844, ndiyo inayotafutwa kuliko zote. Masimulizi yalikuwa na viunzi vingi vya mifupa vya ukubwa wa kawaida. Kuniyoshi alivifanya kimoja, cha ukubwa wa chumba, na mbavu zake zimepangwa kwa usahihi unaoshangaza. Musashi, bingwa wa upanga, juu ya mgongo wa nyangumi haiko nyuma sana. Kwa hizi, A3 haisaidii: zikiungana ni karibu sentimita 78 kwa 38, yaani A1, na fremu ya 90 kwa 50 inayokula zaidi ya mita 3 za ubao. Zikichapwa tofauti, acha milimita 2 kati ya karatasi na karatasi, usizibandike pamoja. Na kabla fundi hajaziba mgongo, geuza kadre uitazame: kwa Takiyasha, yeye na hati yake wako kushoto, mifupa inatokea kulia. Karatasi zikipishana, mkono wa mifupa unakatika angani na kazi yote inafunguliwa upya.